Jumamosi ya mtarajali: kisa cha Metropolitan na posho ya wanafunzi

Oktoba 2020, Makumbusho ya Sanaa ya Metropolitan, yale makubwa ya New York kando ya Fifth Avenue, yalitangaza kwamba kuanzia hapo kila mwanafunzi atakayefanya mafunzo kwa vitendo kwao, yaani mtarajali, atalipwa. Hawakuchagua idara fulani, wala hawakuwabagua waliokosa mfadhili, ni wote. Fedha zilitoka kwa mtu mmoja, Adrienne Arsht, mwanasheria aliyewahi kuongoza benki huko Miami, aliyetoa dola milioni 5. Wanafunzi wanaohusika ni karibu 120 kwa mwaka, wa shahada ya kwanza na wa uzamili. Makumbusho yakasema hakuna jumba la sanaa la ukubwa wao nchini Marekani lililokuwa limefika hapo.

Habari kama hii kwa kawaida husomwa kama habari ya tajiri mwenye moyo wa kutoa, kisha ikapita. Mimi naiangalia kutoka upande ambao haukuzungumzwa sana, yaani idara ya elimu, na ndani yake programu za familia: zile shughuli za mwisho wa wiki ambapo baba, mama, bibi na watoto wao huingia kwenye kumbi za sanaa wakiongozwa na mtu mwenye kigari cha penseli na karatasi. Mara nyingi mtu huyo, au msaidizi wake, ni mwanafunzi. Na kwa mwanafunzi huyo posho ina uzito kuliko kwa mtarajali wa idara nyingine yoyote.

Mwaka ule

Mwaka 2020 Metropolitan ilitimiza miaka 150 tangu kuasisiwa tarehe 13 Aprili 1870. Sherehe nyingi hazikufanyika kama zilivyopangwa. Milango ilifungwa 13 Machi kwa sababu ya korona na haikufunguliwa hadi 29 Agosti. Hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 150. Aprili wafanyakazi 81 waliachishwa kazi, wengi wao wa huduma kwa wageni na wa maduka. Agosti wakafuata 79 wengine, 181 wakapelekwa likizo isiyo na malipo, na 93 wakakubali kustaafu mapema.

Miezi miwili baadaye inatangazwa milioni 5, na inakwenda kwa wanafunzi. Kama ningekuwa mmoja wa wale 79 ningeuliza swali, na lingekuwa swali la haki. Jibu lake ni la kihasibu: fedha ya mfadhili mkubwa huja na matumizi yake yameshaandikwa, na kuihamishia kwenye mishahara ya kawaida ni kuvunja makubaliano. Tangu hapo watarajali wa Metropolitan wanabeba jina la Arsht, kama kumbi zinavyobeba majina ya waliozijenga. Hilo halimwondolei uchungu aliyepoteza kazi. Lakini linaeleza kwa nini taasisi moja inaweza kupunguza watu kwa mkono mmoja na kuajiri wanafunzi kwa mkono wa pili bila ya kujiona inajipinga.

Uamuzi wenyewe haukutoka hewani. Mwisho wa Mei 2019 wafanyakazi wachache wa makumbusho walifungua jedwali la wazi mtandaoni, kila anayetaka aandike mshahara wake bila jina. Maelfu waliandika. Ghafla siri ya sekta nzima ikawa kweupe: watu wenye shahada mbili walikuwa wakilipwa fedha isiyotosha kodi ya chumba. Wiki chache baadaye, mwezi Juni, chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa chenye wanachama zaidi ya 200 wa Marekani, Kanada na Meksiko kilipitisha azimio la kuyataka makumbusho yawalipe watarajali wao. Hoja yao ilikuwa rahisi: nafasi isiyolipwa huchukuliwa na anayeweza kumudu kutolipwa.

Azimio halikuwa na meno. Hata sheria haikuwa nayo. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York, katika kesi ya watarajali waliofanya kazi bila malipo kwenye utengenezaji wa filamu ya kampuni ya Fox Searchlight, iliweka kipimo cha kuuliza nani hasa ananufaika zaidi, mtarajali au mwajiri. Wizara ya Kazi ya Marekani ikakichukua kipimo hicho Januari 2018. Ila mashirika yasiyo ya kibiashara yaliachiwa nafasi yao: mtu akijitolea kwenye taasisi ya hisani bila kutarajia malipo, kwa kawaida hakuna kosa. Karibu makumbusho yote makubwa ya sanaa Marekani ni taasisi za namna hiyo. Kwa hiyo hakuna wakili aliyewatisha Metropolitan. Wangeweza kuendelea kama zamani.

Hesabu ya Jumamosi

Mchukue mwanafunzi anayejitolea kwenye idara ya michoro na chapa. Anakuja Jumanne mpaka Alhamisi, anapanga kadi, anaandika maelezo ya picha, saa kumi na moja anatoka. Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili anahudumu mgahawani, maana siku hizo ndizo zenye wateja, na wateja ndio wenye bakshishi. Maisha ni magumu lakini yanasogea.

Sasa mchukue mwenzake wa programu za familia. Familia haziji Jumanne asubuhi. Jumanne asubuhi watoto wako darasani na wazazi wako kazini. Zinakuja Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo mwenzake anatafuta kodi ya nyumba ndizo ambazo huyu amesimama ukumbini akigawa penseli. Katikati ya wiki napo anatakiwa kwenye vikao vya maandalizi, kukata karatasi, kujaribu zoezi la wiki ijayo. Asipolipwa hana siku ya kulipwa popote pengine. Treni ya chini ya ardhi mwaka ule ilikuwa dola 2.75 kwa safari moja, kwenda na kurudi 5.50, na hapo hajala.

Ndiyo maana nasema mafunzo yasiyolipwa huumiza kila idara ila kwenye elimu ya familia yanachuja kwa ukali zaidi. Anayebaki baada ya mchujo ni kijana ambaye nyumbani kwao wanaweza kumlisha msimu mzima. Huenda ni kijana mzuri, mwenye bidii na anayependa watoto. Tatizo halimhusu yeye, linahusu waliokosekana.

Na waliokosekana wanaonekana kwenye takwimu. Utafiti wa Mellon Foundation wa mwaka 2015 uliangalia wasimamizi wa mikusanyo, wahifadhi wa kazi za sanaa, walimu na viongozi wa makumbusho ya sanaa Marekani, ukakuta asilimia 84 ni Wazungu wasio wa asili ya Kilatino, na Weusi ni asilimia 4. Waliporudia mwaka 2018, wasio Wazungu miongoni mwa walimu wa makumbusho walikuwa wamepanda kutoka asilimia 20 hadi 26. Idara za elimu ndizo zilizokuwa mbele ya wengine, na bado pengo na mitaa ya jiji lenyewe lilikuwa kubwa.

Kuna kichekesho kichungu hapa. Tangu Machi 2018 Metropolitan inawatoza wageni wa nje kiingilio kamili, lakini mkazi wa jimbo la New York bado analipa anachotaka, na mtoto chini ya miaka 12 anaingia bure. Mama wa Bronx anaweza kuingia na wanawe watatu kwa dola moja. Makumbusho yalikuwa yamemfungulia mlango kama mgeni. Binti yake wa chuo, ambaye angekuwa mwenyeji mzuri kuliko wote kwa familia kama hiyo, alikuwa akisubiri bakshishi mgahawani.

Kazi yenyewe

Asiyewahi kuifanya hudhani ni kazi ya kuchezesha watoto. Tusogee karibu.

Kwenye kumbi za Misri kuna kiboko mdogo wa buluu, urefu wake kama sentimeta 20, aliyetengenezwa karibu miaka 3,900 iliyopita. Ni wa fayansi, yaani unga wa kwarzi uliofinyangwa ukachomwa mpaka ukatoa ganda linalong'aa. Mwilini amechorwa maua ya yungiyungi, mimea ya mto anamoishi. Wamarekani wanamwita William na dukani anauzwa kama mwanasesere wa kukumbatiwa. Makumbusho yanaye tangu 1917.

Familia moja inafika mbele ya kabati lake la kioo. Mtoto wa miaka mitano, kaka yake wa miaka kumi, baba ana simu mkononi. Mtarajali asiyefundishwa anaanza: nasaba ya kumi na mbili, kaburi la Meir, fayansi. Baada ya sentensi ya pili mdogo ameshageukia kabati jingine na baba amerudi kwenye simu. Watafiti Jeffrey na Lisa Smith waliwapima wageni wa makumbusho hayahaya, na ripoti yao ya mwaka 2001 inasema mgeni hutumia kwa wastani sekunde 27.2 mbele ya kazi moja ya sanaa, na nusu ya mitazamo haikuzidi sekunde 17. Huo ndio muda alionao mtarajali, na ameshautumia kwenye nasaba.

Aliyefundishwa anachuchumaa mpaka macho yake yawe usawa wa yule mdogo, kisha anauliza. Walimu wengi wa makumbusho wamelelewa kwenye maswali matatu yaliyotungwa na Philip Yenawine, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu wa MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, pamoja na mwanasaikolojia Abigail Housen: Kuna nini kinaendelea hapa? Unaona nini kinachokufanya useme hivyo? Tunaona nini kingine? Swali la pili ndilo lenye kazi. Mtoto akisema "amekasirika", usimwambie kapatia wala kakosea. Mwulize ameona nini. Anarudi kutazama. Tayari sekunde 27 zimepita na hakuna aliyeondoka.

Mimi si muumini wa njia hii mia kwa mia. Inamtaka mwalimu azuie maelezo yake ili watu wajitafutie, na kwa picha ya mandhari hilo linafaa. Kwa kiboko huyu ni ubahili. Kaka mtu atagundua kwamba miguu haifanani rangi. Ni kweli: mitatu kati ya minne ni ya kisasa, ya asili ilivunjwa makusudi zamani hizo kabla ya kuwekwa kaburini, ili mnyama huyu asije akamdhuru marehemu huko aendako. Ukimficha mtoto jambo hilo kwa sababu ya kanuni ya ufundishaji, umemnyima kitu ambacho angekisimulia nyumbani wiki nzima. Mtarajali lazima ajue lini aulize na lini aseme. Hicho hakifundishwi kwa karatasi ya maelekezo. Kinafundishwa na msimamizi anayesimama hatua tatu nyuma, halafu baada ya familia kuondoka anamwambia, pale ulichelewa, pale uliwahi.

(Mtoto wa Kilombero au wa Naivasha angeliwahi jambo hili kabla ya kuulizwa. Kwao kiboko si wa kukumbatia. Ni mnyama wa kuogopwa, na Wamisri waliomvunja miguu walikuwa upande wao.)

Halafu kuna baba mwenye simu. Hapo ndipo elimu ya familia inapoachana na elimu ya shule. Darasa likija na mwalimu wake, mlengwa ni mtoto. Familia ikija, mlengwa ni mazungumzo baina yao, na mtarajali akimpendeza mtoto peke yake ameshindwa nusu ya kazi. Ujanja wa kawaida ni kumpa mzazi jukumu dogo lisilo la kumtia aibu: ashike ubao, achore mkia wakati mtoto anachora kichwa, asimulie mara ya mwisho alipomwona mnyama mkubwa. Wazazi wengi wanaogopa makumbusho kuliko watoto wao. Wanaogopa kuulizwa kitu wasichokijua mbele ya wanao.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Victor D'Amico, aliyeongoza elimu ya MoMA kuanzia 1937 hadi 1969 na ambaye karibu kila mwalimu wa makumbusho ya sanaa Marekani ni mjukuu wake kitaaluma, alianzisha mwaka 1942 karakana ya watoto iliyokuwa na lango lililokatwa kwa umbo la mtoto. Watoto waliingia, wazazi walibaki nje. Aliamini mkono wa mzazi unaharibu: mama anasahihisha jua liwe la njano, na ubunifu umekwisha. Ukiwaona baadhi ya wazazi wa Jumamosi wakimnyang'anya mtoto penseli utamwelewa D'Amico vizuri sana. Lakini sekta imechagua njia ya pili, ya kumfundisha mzazi namna ya kukaa pembeni akiwa ndani, na njia hiyo inahitaji mikono mingi zaidi ukumbini. Mikono hiyo ndiyo watarajali.

Kuna na mambo madogo yasiyoandikwa kwenye tangazo la nafasi. Ukumbini ni penseli tu. Kalamu ya wino, rangi ya maji na mkasi hubaki chumba cha kazi, kwa sababu kosa moja la mtoto linaweza kugusa kitu cha miaka elfu mbili. Viti ni vya kukunja. Unahesabu penseli kabla na baada. Unajua choo cha karibu kiko wapi kutoka kila ukumbi, maana utaulizwa hilo kuliko swali lolote la sanaa.

Milioni 5 ni nyingi kiasi gani?

Turudi kwenye fedha, na hapa nafanya hesabu zangu mwenyewe. Kima cha chini cha mshahara New York wakati ule kilikuwa dola 15 kwa saa. Mtarajali akifanya kazi saa 35 kwa wiki kwa wiki 10, anastahili dola 5,250. Mara 120, ni dola 630,000 kwa mwaka. Ukizila zile milioni 5 kwa kasi hiyo zinaisha kabla ya mwaka wa nane kumalizika. Ukiziwekeza na kuchukua asilimia 5 tu kila mwaka unapata 250,000, ambazo ni kama dola 2,080 kwa kila mwanafunzi, chini ya nusu ya kima cha chini. Kwa hiyo zawadi ile, kubwa kama ilivyo, isingeubeba mpango mzima milele peke yake. Na kwa bahati baadhi ya nafasi zilikuwa zinalipwa tayari kupitia wafadhili wengine.

Ila ilinganishe na bajeti. Kabla ya korona Metropolitan ilikuwa ikitumia karibu dola milioni 320 kwa mwaka. Laki sita na thelathini elfu ni chini ya robo ya asilimia moja. Kwa taasisi ya ukubwa huo, fedha ya kuwalipa watarajali haikuwahi kukosekana. Kilichokuwepo ni mazoea: kila kizazi cha wahifadhi kilijitolea kikiwa kijana, kikaona na wengine wapitie hukohuko. Nadhani thamani kubwa ya zawadi ya Arsht ni kwamba iliwapa viongozi sababu ya kuvunja mazoea bila kukiri kwamba yalikuwa mabaya. Makumbusho ya mji mdogo yenye wafanyakazi 15 yana kesi tofauti, na kwao sitakuwa mwepesi wa kulaumu. Wao wachukue watarajali wawili wanaoweza kuwalipa badala ya sita wasioweza.

Posho bila malezi

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoishangilia posho kana kwamba imemaliza kazi.

Mwaka uliofuata, Septemba 2021, Art Institute of Chicago ilisitisha mpango wake wa waelekezaji wa kujitolea uliokuwepo tangu 1961. Waliarifiwa kwa barua pepe. Wengi wao walikuwa wanawake Wazungu wenye umri mkubwa na uwezo wa kujitolea, na nia ya makumbusho ilikuwa kuweka badala yao walimu wanaolipwa na wanaofanana zaidi na watoto wa Chicago. Sababu ile ile ya New York: kazi isiyolipwa huchagua watu wake. Nia naikubali. Lakini wale akina mama walikuwa wamepitia mafunzo ya miezi 18, mara mbili kwa wiki, kabla ya kuruhusiwa kuongoza kundi, na wengi walikuwa wameifanya kazi hiyo miaka mingi. Elimu hiyo ilikuwa kichwani mwao, na barua pepe moja iliitoa yote nje ya jengo.

Mtarajali ana wiki kumi. Wiki mbili za kwanza anajifunza njia za jengo na majina ya watu. Ya mwisho ni ya kuaga na kuandika ripoti. Zimebaki saba, na za familia ni Jumamosi saba na Jumapili saba. Ukimlipa kisha ukampa kazi ya kukata karatasi na kusukuma kigari siku zote hizo, umekuwa mwajiri mzuri na mwalimu mbaya. Ukimrusha mbele ya familia wiki ya kwanza bila msimamizi, umewafanyia familia jaribio. Mpango ninaoupendekeza ni huu: wiki tatu anatazama na kuandika alichokiona, wiki mbili anaongoza kitu kimoja tu, tuseme kiboko na basi, akiwa na msimamizi nyuma, na zilizobaki anabuni zoezi lake mwenyewe ambalo litatumika baada ya yeye kuondoka. Zoezi moja lililobaki kwenye kabati la idara lina faida kuliko ripoti ya kurasa ishirini.

Tangu Septemba 2023 jengo la Metropolitan lina 81st Street Studio, eneo la bure la watoto wa miaka 3 hadi 11 lenye ukubwa wa kama mita za mraba 325, unaloingia bila tiketi ya makumbusho. Watoto wanashika mbao, wanapiga, wanasikiliza, wanauliza vitu vinatengenezwa na nini. Kwa mtarajali ni shule nzuri sana, kwa sababu mtoto hazuiwi kugusa na hivyo kosa la mwalimu haligharimu kitu. Na ni mtihani kwa taasisi, kwa sababu mahali pa bure pakijaa, jambo la kwanza linalofanyika ni kuwaweka wanafunzi mlangoni kuhesabu vichwa.

Kwetu Tanzania mpangilio umegeuzwa. Fildi ni sehemu ya masomo, na mwanafunzi mwenye mkopo hupata posho yake kutoka Bodi ya Mikopo, sio kwa anayempokea. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, au Kijiji cha Makumbusho, hayabebi gharama hiyo. Uzuri wake ni kwamba hata taasisi isiyo na mfadhili inaweza kumpokea kijana. Ubaya ni kwamba kisichokugharimu hukipangii. Kijana anasaini kitabu cha mahudhurio, anasubiri msimamizi wa chuo aje mara moja, anamaliza. Na asiye na mkopo anarudi kwenye tatizo la yule binti wa Bronx. New York ilianza na fedha na bado inatafuta malezi. Sisi tuna fomu za malezi, zimejaa mihuri, na mara nyingi ni fomu tu.

Baada ya wiki ya kumi

Posho inamwingiza mtu ndani, haimpi kazi. Nafasi za elimu ya makumbusho Marekani nyingi ni za saa chache, na zile za kudumu hazifunguki mara kwa mara. Hasira hiyo ilionekana Philadelphia mwaka 2022, wafanyakazi wa makumbusho ya sanaa ya jiji walipogoma karibu wiki tatu kudai mkataba wao wa kwanza. Ukiwaleta vijana wa familia za kipato cha chini kwa posho ya wiki kumi, kisha kazi inayofuata ikawa ya saa 12 kwa wiki bila bima ya afya, mchujo uleule wa zamani umehamia mlango wa pili.

Na kuna kundi moja ambalo malipo yanalibadilishia mambo kwa namna isiyotarajiwa, nalo ni wanafunzi wa kigeni, wakiwemo wetu kutoka Dar, Nairobi na Kampala walio vyuoni Marekani kwa viza ya F-1. Kazi yenye malipo nje ya chuo inahitaji kibali. Njia ya kawaida wakati wa masomo ni mafunzo yanayohesabiwa kama sehemu ya mtaala, ambayo kwa kawaida hufunguka baada ya mwaka mmoja kamili wa masomo, na lazima ofisi ya wanafunzi wa kimataifa iidhinishe kabla ya siku ya kwanza kazini. Anayesoma historia ya sanaa amwone mshauri wake mapema, mwezi wa pili au wa tatu kwa nafasi ya majira ya joto, kwa sababu idara nyingine hazina kozi ya kuyabeba mafunzo hayo na itabidi itafutwe. Akianza kazi Jumatatu na idhini ikafika Alhamisi, posho ya siku hizo tatu, hiyohiyo iliyowekwa ili kuwafungulia mlango vijana kama yeye, inahesabika kuwa ni kazi bila kibali.